Madume Manne Ndani ya Kabati la Mama Povu

"Hawa leo wanakwenda bucha, wifi, na nitawabeba mwenyewe!"

"Beba kwanza hiyo pasi yako, inaunguza suruali ya watu."

"Usinipeleke kwenye suruali. Mtazame Honi sikio lake! Limechanika kama tiketi."

Mama Povu hakuhitaji kutazama. Alikuwa amemkumbatia Honi kifuani, amemfunga taulo mpaka shingoni, anamfuta sikio kwa maji ya chumvi. Honi alikuwa simbilisi, mnyama asiye na mkia, mnene kama kiazi kilichoota manyoya, na kwa umri wake ndiyo kwanza ndevu zingeanza kumwota kama angekuwa mtu. Ndugu zake watatu, Gia, Breki na Klachi, walikuwa ndani ya sanduku chini ya meza ya kupigia pasi, wanagonganisha meno utadhani wanasaga karanga.

"Madume manne chumba kimoja!" wifi akaendelea, huku anapuliza makaa ya pasi. "Mimi nimekua na kaka mmoja tu, na huyo mmoja tulipigana mpaka siku naolewa."

"Ukaenda kwa mumeo, mkapigana mpaka ukarudi."

Wifi akataka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Akageukia dirishani. "Kaka, unamsikia mkeo?"

Kaka mtu alikuwa kwenye kiti chake, uso nje. "Mm," akasema.

Hiyo "mm" ndiyo iliyokuwa ikimnyima Mama Povu usingizi.

Yeye alikuwa mfuaji wa nguo za watu tangu alipoweza kufikia ukingo wa beseni. Povu lake lilisifiwa mtaa mzima. Kuku mweusi wa jirani aliwahi kupotelea ndani ya povu hilo asubuhi, akatoka jioni mweupe pe, na jogoo wake akamtongoza upya. Mlevi mmoja aliegemea kamba yake ya kuanikia kidogo tu, akasahau hata njia ya kilabuni. Uchafu wenyewe ukimwona Mama Povu kwa mbali ulikuwa unavuka barabara.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Dereva, aliendesha lori maisha yake yote, mpaka macho yake yalipoanza kuona gari moja linalokuja kuwa mawili, naye hajui ampishe nani. Mwenye lori akamwomba funguo kwa upole. Dereva akarudi na begi lake, akaketi dirishani, na ulimi wake akauegesha moja kwa moja. Mtu aliyekuwa akikusimulia shimo la barabarani mpaka ukiwa umekaa unainua miguu, sasa ukimwambia chai tayari, mm. Ukimwambia bati linavuja, mm. Mama Povu alianza kuogopa kwamba atazeeka na mgongo wa kiti.

Ndipo utingo wake wa zamani alipokuja kumjulia hali, ameshika boksi, ndani yake simbilisi jike mwenye tumbo kubwa. Jike akazaa madume manne, wana manyoya tayari, macho wazi, wanakimbia siku ile ile kama waliochelewa safari. Dereva akainama. Akatazama sana. Akasema, "Huyu ni Gia."

Mama Povu akaangusha vibanio vyote alivyokuwa navyo mkononi.

Watoto walipoacha kunyonya, jike akarudishwa kwa utingo, maana vidume vya simbilisi havichelewi kukua, na vikikua havimheshimu hata mama. Wanne wakabaki. Kutwa nzima sasa ilikuwa, "Breki, punguza mwendo! Klachi, mpishe mwenzio, usibane njia!" Kwa binadamu bado ni mm. Lakini sauti ilikuwa imerudi ndani ya nyumba, na Mama Povu alikuwa akifua taratibu ili maji yasimzuie kuisikia.

Kisha wakabalehe. Wakaanza kuzungukana huku wanatikisa makalio na kunguruma, kila mmoja anataka awe mkubwa. Mama Povu, kwa mapenzi yake yote, akafanya kazi aliyoijua. Kila jua lilipotoka alitoa matambara yao akayafua, akasugua sanduku kwa sabuni mpaka mbao zikapauka, na wao wenyewe akawachovya mmoja mmoja, akawakausha kwa taulo. Kadiri walivyong'aa ndivyo walivyoumana. Alipojaribu kumtenga Honi kwenye beseni peke yake, Honi aligeukia ukuta, akakataa majani. Mama Povu akamtazama, akatazama kiti cha dirishani, akamrudisha haraka kwa wenzake.

Kwa hiyo wifi aliposema bucha, kilichokuwa kinapelekwa bucha si simbilisi tu.

"Nitawafulia hata mara mbili kwa siku," Mama Povu akasema, "lakini hawatoki humu."

"Ufue tena? Wiki ile ya mvua hukufua hata leso, na mimi nilipata amani ya masikio. Walilala wamebanana kama maandazi sahanini. Jua limetoka, umeingiza mikono kwenye povu, vita! Labda sabuni yako ina pilipili."

Kiti cha dirishani kikalia.

"Mama," Dereva akasema.

Wanawake wakaganda. Pasi ikabaki hewani.

"Unawafutia namba."

"Namba gani, baba?"

"Namba za gari. Hawa macho yao ni kama yangu, hawajuani kwa sura, wanajuana kwa harufu. Jana Honi ana namba yake, wote wanaijua, wanampisha. Asubuhi wewe umemsugua, namba hakuna. Wenzake wanaona gari geni limeegeshwa kwao. Lazima wampige. Na yeye akiwanusa, naye haoni ndugu, anaona wageni watatu wananuka sabuni."

"Rudia," akasema Mama Povu. Alikuwa amesikia vizuri sana.

Dereva akarudia, na safari hii akaongeza na mikono.

Wifi akaweka pasi chini. "Harufu itasaidia nini, lakini? Hata wakijuana, sanduku lenyewe dogo."

"Na hilo pia. Leteni lile kabati bovu."

Lilikuwa kabati la nguo lililovunjika milango, limesimama uani likifuga buibui wakubwa kiasi cha kudai kodi. Wakaliingiza ndani, wakalilaza chali, ikawa nyumba ndefu ambayo mtu angeweza kukimbia ndani yake na kuchoka. Humo hakuwahi kukaa simbilisi yeyote, kwa hiyo hakuna ambaye angesema hapa ni kwangu. Wifi alitaka kuweka maboksi ya sabuni yawe vyumba vya kulala, kila boksi na mlango wake. Dereva akayapapasa, akakunja uso.

"Dada, toboa na upande wa pili. Mdogo akifukuzwa akaingia humu, mkubwa akikaa mlangoni, atatokea wapi? Usimwegeshe mtu pasipo na pa kugeuzia."

"Haya, bwana barabara," wifi akasema, lakini akatoboa.

Majani wakayatawanya pembe zote, maji wakaweka huku na huku, ili asitokee wa kuketi mbele ya chakula akajifanya kizuizi. Jirani alikuwa na simbilisi jike; huyo akapigwa marufuku hata kupitishwa uani, na aliyemshika anawe mikono, maana harufu ya jike huwagombanisha madume. Mwisho Dereva akaomba tambara la jana, ambalo halijafuliwa. Akawafuta nalo wote wanne, huyu kisha yule, kisha huyu tena, mpaka walinuka namna moja, akalitandika katikati ya kabati.

Mama Povu alilitazama lile tambara, vidole vikamwasha. Lilikuwa na doa la mkojo kubwa kama sahani.

"Litakaa mpaka lini?"

"Utatoa nusu ya matandiko, nusu utaacha. Harufu isikatike."

"Nusu! Baba, mimi nilale nyumba moja na nusu ya uchafu?"

"Mbona ulilala na mimi nikitoka safari?"

Wifi akacheka mpaka akashikilia meza. Mama Povu alikalia mikono yake yote miwili ili isiende.

Wakawaweka ndani kwa pamoja. Wakanusana. Kisha Gia akaanza kunguruma na kutikisa makalio, Honi naye akainua kidevu. Meno yakagongana. Mama Povu akanyanyuka.

"Usitie mkono!" Dereva akasema. "Wanapanga foleni tu. Damu ikitoka tutawatenganisha kwa kipande cha boksi, si kwa vidole vyako."

"Anampanda mgongoni!"

"Ndiyo honi zao hizo. Mwache."

Honi akakimbia. Akaingia boksi la kwanza, Gia nyuma yake. Mama Povu akafumba macho. Alipofumbua, Honi alikuwa ametokea upande wa pili, anatafuna majani kwenye pembe ya mbali kama asiyehusika, na Gia amesimama ndani ya boksi tupu, hajui amfukuze nani. Breki akaenda akajilaza kwenye tambara chafu. Klachi akamlalia. Baadaye kidogo Gia naye akaja, akanusa, akazunguka, akakaa. Honi akakawia kawia, akajisogeza na jani lake mdomoni mpaka ubavu ukagusa ubavu.

"Abiria wamepanda wote," Dereva akasema. Akavuta kiti chake akakisogeza kabatini, mgongo ukaangalia dirisha. "Unajua mama, kuna siku tulikwama nyuma ya lori la mbuzi. Madume matupu, na daraja limefunikwa na maji. Nilikusimulia hii?"

"Hujanisimulia," Mama Povu akasema, ingawa alikuwa ameshaisikia mara nyingi mpaka anamjua kila mbuzi.

"Basi sikiliza. Utingo kashuka, suruali kapandisha magotini, anapima kina kwa fimbo. Mara mbuzi mmoja, mkubwa kama ndama, anamkodolea macho, anafungua mdomo, mimi kwa masikio yangu haya nikamsikia anasema..."

"Hodi hapa! Jamani, shuka zangu za gesti zimekauka?" mteja akaita mlangoni.