Alichoomba Mama Baada ya Dawa

Siku hizi redio inatangaza kwa furaha kwamba madaktari wa Ulaya wamegundua dawa za kumwonyesha maono mtu mwenye sonona, na kwamba sharti akae naye mtu wa kumsikiliza. Wamegundua! Mimi nilikaa na mama yangu hivyo hivyo huko Handeni, enzi za Vijiji, na sina hamu ya kupongezwa.

Wazazi wangu walikuwa wamehamishiwa kwa lazima kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo ilimbidi awe mfano: alipanda mwenyewe juu ya nyumba yetu ya zamani akang'oa nyasi za paa, mama akitazama. Kijijini mama akaacha kupika, kisha kulima, kisha kuoga. Alikaa kutwa ameugeukia ukuta. Hospitalini walimpa vidonge vya malaria. Mwenyekiti wa kijiji akamwita mvivu. Mimi nilikuwa nimeolewa Manundu. Nikaitwa, kwa kuwa mganga aliyeletwa na baba alitaka kifungua mimba ndiye amuulize mgonjwa.

Utaratibu wenyewe kila mtu aliujua. Mgonjwa hunywa dawa ya mizizi, huona anayoyaona, kisha huulizwa anataka nini, na atakachotaja lazima apewe. Wengi huomba kaniki, kuku mwekundu, marashi. Baba alikwisha kununua vyote vitatu, akaviweka kwenye ungo, ili shughuli iishe mapema awahi shamba la kijiji.

Mama alikunywa baada ya adhuhuri. Alitapika, akatetemeka, akacheka na mtu nisiyemwona, halafu akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilimshika mkono. Mganga akanigusa bega, nami nikauliza.

"Nataka kwangu," mama alisema. "Nikalale kwangu."

Mganga akamtazama baba. Baba akautazama ungo wake. Kurudi mahameni, kwenye nyumba zilizobomolewa, kulikatazwa, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafuata waliotoroka na kuwarudisha. Akaninong'oneza nimwambie atapewa.

"Utapewa, mama," nikasema.

Dawa ilifanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kesho yake alioga, akasonga ugali, akamsalimu hata mwenyekiti. Watu wakamsifu mganga, baba akamchinja yule kuku mwekundu, tukala. Mama akavifunga vyungu vyake kwa kamba, akakunja mkeka, na kila asubuhi akawa anakaa mlangoni na mzigo wake, uso umechangamka.

Siku ya kurudi Manundu nilikwenda kumuaga. Akaniuliza, akili zake timamu kabisa, kama ndiyo tunaondoka. Nikajibu kwamba baba atampeleka. Baba, aliyekuwa ananoa jembe, akasema aliyeahidi ni mimi.

Mama alitutazama sote wawili. Kisha akaanza kuifungua kamba, polepole, akavirudisha vyungu ndani kimoja kimoja, nami nimesimama tu kama gogo.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kila nilipokuja nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuugeuza uso kutoka ukutani, kwa adabu ileile aliyowapa wageni.