Folda ya Somoe

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kwanza. Seva yetu ya tovuti hapa Nachingwea ilikuwa inahema, prosesa imezidiwa, nami nikamwambia bosi ni vumbi la salfa inayopuliziwa mikorosho. Akanunua feni. Nikaipangusa mashine mbele ya ofisi nzima, wapi!

Bosi akampigia fundi wa ofisi yetu ya Ruangwa, ambako kuna seva tunayobadilishana nayo mafaili, akaweka spika.

"Kaka, siyo vumbi," fundi akaniambia. " Umeziseti seva zikague folda moja kila sekunde, kama kuna kipya kutoka huku. Inaitwa Somoe."

Ofisi nzima ikanigeukia. Somoe ni mke wangu. Alipohamishiwa Ruangwa aliahidi kuniwekea picha humo kila asubuhi.

"Ina nini?" bosi akauliza.

"Haina kitu, bosi. Haijawahi kuwekwa kitu."