Lundo la Chumvi na Harusi ya Rehema

Harufu ya majaruba ya chumvi wakati wa kiangazi ni harufu ya tope lililopikwa na jua, na ukivuta pumzi kwa pupa inakuwasha kooni. Wageni wakifika kwetu Mkwaja huziba pua. Mimi nimekulia ndani yake, na hadi leo nikirudi kutoka Tanga mjini, harufu hiyo ndiyo inayoniambia nimefika, kabla hata sijakutana na mtu wa kumwamkia. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko kazi, na tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mama. Baba alikuwa amevuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, akazipenda karafuu kuliko sisi, nasi tukazoea.

Mwenye majaruba alikuwa Mzee Shomari. Alimpa mama majaruba matatu, msimu mmoja tu, kwa kumjaribu. Alimwambia mbele yangu, mkongojo wake ukichora chini, "Ukinionyesha lundo la maana, Mama Zuhura, utabaki nayo. Ukishindwa nitampa mwanamume mwenye mikono." Mama akamwonyesha mikono yake, viganja kwa migongo, na kumwambia, "Hata miye ninayo, Mzee Shomari." Nilicheka hadi nikafinywa. Lakini nilijua maana ya kushindwa. Tungehamia Tanga mjini, Makorora, kwa shangazi, mtu mwema kabisa, ambaye alikuwa na chumba kimoja na watoto watano. Nilikuwa nimewahi kulala huko siku tatu na asubuhi zote tatu nilipanga foleni ya choo. Sikutaka kuhama, na mama hakutaka kuhama hata zaidi yangu, ingawa yeye hakusema.

Basi tulifanya kazi. Bahari ikijaa sana siku za bamvua tuliyafungulia maji njia yaingie jaruba la kwanza, yakishazidi ukali tunayasogeza la pili, kisha la tatu, ambako yalikaa chini ya jua mpaka juu yake pakafunga utando mwembamba, na ukikanyaga chini unasikia punje zikivunjika. Hapo mama anakwangua kwa reki, mimi nabeba kwa pakacha. Kufikia Februari lundo letu lilikuwa refu kumpita mama. Nilikuwa nalipanda na kutazama kijiji kizima kutoka juu, mpaka nifukuzwe.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini. Siku zile, tangu Januari mpaka masika yanakaribia, watu wa Mkwaja hawakuwa wakiwaza habari ya mvua. Haikuwapo. Makuti ya kufunikia chumvi yalikaa tu yamepangwa pembeni, na kwa kuwa harusi nyingi zilipangwa wiki hizohizo, ilikuwa desturi wenye chumvi kuwaazima watu wa harusi, nao wakajengea banda la kuwakinga wapishi na wageni na jua. Kunyima makuti ilikuwa roho mbaya. Na kufunika chumvi Februari ilikuwa kichekesho, mtu angeulizwa kama ana homa.

Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anamwoza binti yake Rehema. Akaja kuomba makuti yetu yote. Nakumbuka mama alisita kidogo. Alilitazama lundo, akanitazama mimi, akasema labda tubakize machache. Mimi ndiye niliyedakia, "Mama, mvua ya wapi?" kwa sababu nilikwisha kuahidiwa ukoko wa pilau. Mama akacheka, na mchana uleule tukayabeba yote, mimi nikiwa mbele kwa majivuno kana kwamba harusi ni yangu.

Siku ya harusi, pilau imeshapakuliwa na watu wanakula, upepo ukageuka. Ukawa wa baridi, na ukaja na harufu ya vumbi lililoloa, harufu nzuri mno, ila haikuwa na kazi yoyote Februari. Mama alikuwa anaosha masinia. Akanyanyua uso, akaona upande wa bahari umekuwa mweusi, akaliweka sinia chini taratibu na kuondoka bila kuaga. Hakukimbia mwanzoni. Alianza kukimbia matone yalipomgusa. Mimi nilibaki nimesimama na ukoko mkononi, nikalia kwa sauti mpaka Bi Mwanaidi akaja kuniuliza nani kanipiga. Nikamwambia, "Chumvi ya mama haina makuti."

Bi Mwanaidi alikuwa na hina mpaka kwenye viwiko na nguo mpya ambayo alikuwa ameonyesha mtaa mzima kabla ya kuivaa. Aliinua uso kulitazama banda, wageni wake wote wakiwa chini yake na masinia yao ya pilau, akasema, "Ezueni." Mtu mmoja akauliza wageni watakaa wapi. "Watalowa," akajibu Bi Mwanaidi. "Wao hawayeyuki."

Banda likaezuliwa juu ya vichwa vya watu. Wanaume walibeba makuti kwa mafungu, wanawake wakafuata nyuma kwa mavazi ya harusi, mimi katikati nikiteleza na kuinuka. Tulipofika, mama alikuwa amelilalia lundo, kanga yake ameitandaza juu, na maji meupe yanachuruzika chini yake kurudi majarubani. Wakamwondoa, wakatandika makuti, lakini upepo uliyanyanyua, ikabidi wanawake wakae juu ya ncha zake, wamelizunguka lundo lote, migongo kwenye mvua. Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya tena isipokuwa kukaa, wakaanza kuimba nyimbo za harusi. Mama alikuwa anatetemeka na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kuwapenda watu kama nilivyowapenda watu wale saa ile.

Mvua ilipokatika, lundo lilikuwa limebaki nusu na kidogo, limechongoka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Siku ya tatu Mzee Shomari akaja na mkewe, Bi Saumu. Nikawaamkia shikamoo kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa. Mzee akalizunguka, akalichoma kwa mkongojo.

"Lundo limekonda, Mama Zuhura."

"Limekonda, mzee wangu. Na miye nimekonda nalo."

Bi Saumu akasema kutoka nyuma, bila haraka, "Miye nililikalia hili mpaka nguo ikaoza kwa chumvi. Kama unamtafutia majaruba mtu mwenye mikono, weye siku ile ulikuwa wapi na yako?" Siku ile Mzee Shomari alikuwa barazani kwake, anamaliza pilau, na kila mtu alilijua hilo. Akakohoa, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote, kisha akamwambia mama kwamba msimu ujao aanze mapema.

Hatukuhama. Mama ameshazeeka na bado anaishi Mkwaja, na majaruba yale ndiyo ninayoyafanyia kazi mimi. Chumvi tunapata, mradi ufunike kila jioni kwa turubai na kuuliza simu habari ya mawingu. Mvua ile tuliyoiita ajabu imerudi mara nyingi tangu wakati huo, Januari, Februari, itakavyo, na masika nayo mwaka mwingine yanachelewa mpaka mahindi yanaungua. Bado nina raha hapa, sitasema uongo. Ila makuti hayaazimwi tena. Watu wa harusi wanaleta mahema yao ya kukodi, nasi tunakaa na vifuniko vyetu, na hakuna anayemwona mwenzake mchoyo.

Juzi nilimhadithia binti yangu mambo haya, naye ana miaka kumi. Alisikiliza harusi yote bila kushangaa. Alishangazwa na jambo moja tu.

"Mama, yaani mlikuwa mnajua kabisa kwamba mwezi mzima hainyeshi?"

"Miezi miwili," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama bibi yake anapozidisha chumvi katika hadithi, akaenda kufunika.