Mishono Mitatu ya Mwenyekiti

Saa moja asubuhi, mlango wa fundi uko wazi lakini cherehani imenyamaza, na hapa kijijini hiyo peke yake ni habari. Fundi ameketi kwenye kigoda karibu na mwanga, gauni la zambarau limelala magotini, na kwa ncha ya wembe anafumua mshono. Uzi mmoja. Anapangusa macho kwa kiwiko. Uzi mwingine.

"Kushona ni rahisi," anasema bila kuinua uso. "Kufumua ndiko kunakotoa jasho."

Majirani humwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ni mjane wa miaka hamsini na sita, na watoto wanne amewasomesha kwa mguu huo huo unaokanyaga pedeli. Mwezi mzuri hushona magauni kumi. Mwezi mbaya hutia viraka kaptula za shule na kumshukuru Mungu kwa watoto wanaopanda miti.

Kila Januari hushona sare za kikundi cha kinamama wa kanisa: wanachama ishirini na wawili, yeye akiwamo, kila mmoja na kiuno chake, na maoni yake kuhusu kiuno cha mwenzake. Vipimo vyote vimo katika daftari ambalo halionyeshwi mtu.

"Mchungaji wanamwambia dhambi wanazotaka wao," anasema. "Futi yangu haidanganywi."

Gauni lililo magotini lilikuwa la Mwenyekiti wa kikundi, rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa kwaya. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na mwili wa kukibeba. Januari ya mwaka jana kiuno chake kilisoma inchi arobaini na mbili.

"Usinibane, mwenzangu," alimwambia. "Nikicheka ibadani kifungo kitamtoa mzee wa kanisa jicho."

Baada ya Pasaka akarudi peke yake, akafunga mlango nyuma yake. Gauni lilikuwa linampwaya. Futi ikasema thelathini na nane.

"Unafunga kula?" Sindano akauliza.

"Nafunga mdomo. Na wewe funga wako."

"Unaumwa?"

"Tumbo tu, litapita. Punguza hapa, wasije wakaanza kuniimbia kabla sijafa."

Akapunguza. Mwezi wa sita, thelathini na nne. Mwezi wa nane, thelathini. Kila mara alimsihi aende hospitali, na kila mara Mwenyekiti alimjibu, "Baada ya mavuno."

"Sikukata kitambaa," Sindano anasema. "Nilikunja kwa ndani. Nilijua akinenepa nitafumua, arudi ndani ya gauni lake."

Kila Alhamisi kikundi kilitembelea wagonjwa. Mbele alitangulia Mwenyekiti na kikapu cha matunda, sare imemkaa kama siku ya kwanza. Aliwaombea wenye homa na waliovunjika miguu, na mgonjwa kuliko wote akawa ndiye anayeongoza msafara.

"Mwenyekiti, umependeza siku hizi!" wenzake walimtania. "Tupe na sisi hiyo dawa ya kupungua."

Alicheka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imesimama nyuma, inatazama viatu vyake.

Mwezi wa tisa akaanguka akifagia kanisa. Daktari alisema ni uvimbe tumboni, na kwamba angewahi, wangejaribu kitu. Wiki tatu baadaye akazikwa kwa nguo nyeupe, kama alivyotaka mwenyewe. Wakaimba ishirini na mmoja, na gauni likabaki msumarini nyumbani kwake.

"Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua," Sindano anasema. "Hapo wanamsema mgonjwa. Na fundi aliyemsaidia kuficha, methali yake iko wapi?"

Mwezi wa kumi na moja alisimama kwenye mkutano wa kikundi, daftari mkononi, akawasomea: arobaini na mbili, thelathini na nane, thelathini na nne, thelathini. Binti wa Mwenyekiti alikuwa amekuja kuchukua vitu vya mama yake. Alitoka bila kuaga.

Juzi akarudi, gauni likiwa ndani ya mfuko.

"Mama mdogo, nimejiunga na kikundi. Mwili wangu ni wa mama. Fumua."

"Umenisamehe, mwanangu?"

"Bado. Lakini sitaki fundi mwingine."

Sasa mshono wa tatu umeachia. Binti huyo yuko mlangoni, amekuja kujaribu. Sindano anakunjua kitambaa, anakisogeza kwenye mwanga. Kwa nje, jua na sabuni vimelififisha gauni lote. Palipokunjwa, ubavuni, imebaki michirizi mitatu ya zambarau iliyokolea.

"Itaonekana," anasema. "Nitafute kitambaa kingine niifunike."

"Iache ionekane."

Mpango wa Sindano kwa mwaka huu, ambao kikundi kimeupitisha baada ya mabishano na vicheko, ni kwamba kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kabla ya kwenda kwa wagonjwa, wote watapita kwenye futi. Atakayepungua inchi mbili bila sababu atasindikizwa hospitali siku hiyo hiyo, atake asitake.

Anaivua futi shingoni.

"Inua mikono, mwanangu. Tunaanza na wewe." Anaizungusha kiunoni taratibu, anasoma, anaandika kwenye ukurasa mpya. "Arobaini na moja. Siku nikikuta pungufu, nitapiga kelele mpaka kengele ya kanisa ione haya."

Mikono ya binti bado iko juu.