Siku Niliyoitikia Uinjinia Usio Wangu

Mkasa huu nauona aibu hata kuuanza, maana hakuna wa kumlaumu ila mdomo wangu uliokataa kusema maneno manne.

Mimi ni fundi bomba, kidato cha nne, mtu wa kuzurura. Nimefanya vibarua kwenye machimbo ya jasi ya Makanya, nimelala kwenye mashamba ya mkonge, na kila nikichoka narudi Same kunusa hewa ya milimani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Safari hii nilikuta Nakijwa, binti wa dada yangu, amemaliza chuo, ni mhandisi wa maji, amepewa kazi ya kwanza kuisimamia mwenyewe: kuweka bomba na koki kwenye ndiva ya kijiji kimoja huko juu (ndiva ni lile bwawa letu linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani). Kazi ikiisha alihitaji barua ya kamati ya maji kwamba aliiongoza yeye, aiweke kwenye kitabu chake cha mafunzo, la sivyo anarudishwa ofisini kupanga mafaili.

"Mjomba, twende wote," aliniambia. "Wazee wa kule wananiangalia kama mtoto aliyepotea sokoni."

Basi nikaenda kumpa nguvu. Nguvu gani!

Tumefika siku ya kufungua maji, nimepanda mlima mpaka magoti yanalia, mwenyekiti wa kamati, Mzee Senkondo, akampita Nakijwa, ambaye siku zote za kazi alimdhani msaidizi tu, akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, injinia! Karibu, kiti hiki hapa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema injinia ni huyu binti. Lakini nilikuwa nimechoka, kiti kilikuwa na kivuli, na (niseme ukweli) katika miaka yangu arobaini na kitu hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikakaa. Nakijwa akanitazama mara moja tu, akachukua spana, akasema anashuka kukagua maungio ya chini na koki isiguswe mpaka arudi.

Hajafika hata nusu ya mteremko, Mzee Senkondo akaanza: "Injinia, fungua bwana, watu maharage yao yanakauka."

Injinia angesema subirini. Mimi nikainuka, nikashika koki, nikaizungusha yote kwa mara moja kama nafungua bomba la uani, wakati bomba lile lilikuwa tupu, limejaa hewa, la kufunguliwa kidogo kidogo. Likaguna, likatetemeka, ungio likaruka, na maji na matope yakaipiga kamati nzima usoni, kofia ya Mzee Senkondo ikaenda na mfereji, nami kwa kiwewe nikateleza nikakaa kwenye tope huku akina mama waliokuja kungoja maji wakishika mbavu kwa kicheko.

"Mjomba, funga! Kulia, kulia!" Nakijwa anapanda mbio, na mimi nazungusha kushoto.

Aliingia kwenye tope hadi mapajani, akafunga, akalirudisha ungio, akafungua upya kwa robo robo, na maji yakashuka mashambani kwa adabu. Mzee Senkondo akajifuta uso, akaniambia, "Injinia, mpe pole msichana wako, amechafuka." Na mimi, jamani, nikanyamaza tena.

Barua ikaja baada ya wiki: kamati inamshukuru Injinia Elinami (ndiye mimi) pamoja na binti msaidizi wake. Nakijwa aliisoma, akaikunja, akaniwekea mezani. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikaupanda mlima ule tena, peke yangu.

"Injinia ni yule binti," nikamwambia Mzee Senkondo mbele ya kamati. "Mimi ni fundi tu. Aliyewalowesha ni mimi, aliyewapa maji ni yeye."

Akakinyooshea kidole kile kiti. "Sasa ulipokaa kwenye kiti chake ulikuwa unafikiri nini?"

Wakaandika barua nyingine palepale, na sasa imo kwenye kitabu cha Nakijwa: kazi yote imeongozwa na Mhandisi Nakijwa. Chini kabisa wameongeza, kwa mwandiko wa mwenyekiti mwenyewe, kwamba akirudi kukagua anakaribishwa sana, ila fundi wake Elinami asije naye.

Tangu hapo mtu akiniita injinia namkatiza kabla hajamaliza, nikiwa bado nimesimama.