Safari Ambazo Hatukuzifuta

Mwaka wetu wa kwanza, telefone ya motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, ikizimika katikati ya barabara sikushtuka. Nilijua batri imekwisha, au mvua imeingia mfukoni. Nilimwambia ndugu wa msafiri, "Ngoja kidogo, ataonekana," na kweli jua halijazama alikuwa ameonekana. Woga wa telefone kuzimwa ulikuja baadaye, wakati kazi yetu ilikuwa imekuwa kubwa na kila mtu anatusifu.

Tulianza katika nyumba yangu ya kuchaji telefone, karibu na soko la Kasongo. Mimi nilikuwa na paneli za jua juu ya bati na meza ndefu iliyojaa nyaya. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alirudi kutoka masomoni Kindu na kompyuta yake na programu aliyoitengeneza mwenyewe. Ilikuwa kitu chepesi. Motari aliiweka programu kwenye telefone yake. Abiria alichagua mtu mmoja wa nyumbani, na mtu yule akawa anapata ujumbe: ameondoka Kasongo, amepita Wamaza, amefika Kabambare. Porini ambako mtandao haupo, ujumbe ulingoja mpaka pikipiki ipande kilima. Basi, ni hivyo tu.

Kabla hatujamwandikisha motari hata mmoja nilimweleza shemeji jambo la mama yangu. Wakati wa vita mama alikimbia kijiji nikiwa mgongoni mwake, akapita njia ya mashamba ya mpunga. Watu wenye silaha walimkamata jirani mmoja wakamwuliza wengine wamepita wapi. Jirani alinyoosha kidole. Mama na mimi tulikuwa mbele, tukapona. Dada yake alikuwa nyuma na mzigo wa sufuria, na hatukumwona tena. Mama hakumchukia yule jirani, maana walimpiga kabla hajanyoosha kidole. Lakini mpaka leo, ukimwuliza njiani anakwenda wapi, anakujibu habari za mvua.

 Shemeji akasema, "Basi njo sheria yetu, yaya. Hatumwambii mutu njia ya mwenzake. Na safari ikiisha, tunaifuta siku ile ile."

Aliniita yaya, dada mkubwa, tangu nilipoolewa kwao; na njo ni "ndiyo" ya kwetu.

Sheria ile ilijaribiwa mapema. Mwanaume mmoja alikuja amevimba kwa hasira, anataka kujua kama mke wake kweli alishuka Nyangwe kwa ndugu zake. Tulimpa maji ya kunywa, jibu hatukumpa. Afisa mmoja alikuja na miwani myeusi, akakaa kwenye kiti changu, akauliza habari za mfanyabiashara fulani. Shemeji alimfungulia kompyuta akamwonyesha: hakuna kitu, safari ya jana imekwisha kufutwa. Afisa alicheka bila kufurahi akaenda zake. Habari hiyo ilizunguka soko lote, na nadhani ndiyo iliyotukuza. Wauza mchele walikuja, masista wakaja, wachimbaji wa dhahabu kutoka Kivu nao wakaja, watu ambao hawamwamini yeyote hapa kwetu. Tukafungua chumba Wamaza na kingine Kabambare. Vijana wetu walivaa fulana za buluu, na motari akikosa programu yetu abiria alimpita akapanda pikipiki ya mwenzake.

Ndipo mgeni akaja. Alitoka mji mkubwa wa mashariki, mtu wa sauti ya chini, viatu vyake safi katika majira ambayo Kasongo yote ni tope. Nilimpikia sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Lualaba, akala vizuri, akasifu. Alisema anatafuta vijana wa kuwatia nguvu. Kisha akamwuliza shemeji swali, kwa upole, huku ananawa mikono.

"Mukisha kufuta safari zote, nyinyi munabakia na nini?"

Niliona jinsi lile swali lilivyomwingia shemeji.

Mgeni aliingiza mali yake katika kazi yetu. Tukapata biro, ofisi yenye vioo, na mashine ya umeme, na yeye akapata sauti sawa na sisi. Haikupita miezi mingi akaleta wazo lake. Safari zisifutwe tena, zitunzwe. Na iwepo ramani, ambayo wateja wakubwa, wenye mizigo njiani, watalipia: kila pikipiki iliyo barabarani iwe kitone cha buluu.

"Hapana," nilisema. "Sisi tulisema hatufanyi vile."

"Yaya, ni vitone tu," shemeji alisema. "Hakuna jina. Hakuna namba. Nani atajua ni nani?"

"Kitone kinatoka kwenye machimbo siku ya kununua dhahabu, kinakuja moja kwa moja Kasongo. Wewe hutajua ni nani?"

Mgeni alinitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto wake mpendwa. "Mama, wakati muliweka sheria ile mulikuwa na motari wachache. Kitu kikikomaa, sheria yake nayo inakomaa."

Wawili walikubali, mmoja alikataa. Ramani ikafunguliwa.

Mwanzoni hakukuwa na jambo lolote, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Vitone vilitembea kwenye kioo polepole kama sisimizi. Halafu nikaanza kuona kwamba kabla ya daraja dogo la upande wa Wamaza vitone vinakufa, kimoja baada ya kingine, na kufufuka mbele sana. Nilimwuliza motari mmoja wa zamani kama mtandao umeharibika pale. Alijifanya anafunga kamba ya mzigo.

"Abiria njo wanaomba tuzime," alisema mwishowe. "Wanasema barabara iko na macho."

Siku nyingine, mchana kweupe, kijana nisiyemjua alikuwa anachaji telefone kwenye meza yangu ya zamani, ambayo sikuifunga hata tulipopata biro. Nilipita nyuma yake na taulo la kufutia vumbi. Kwenye kioo chake kulikuwa na ramani yetu. Hakuwa mteja, wateja wakubwa nilikuwa nawajua wote. Aliweka vidole viwili juu ya kitone kimoja, akakikuza, akangoja. Kilipoanza kutembea alichomoa waya, akaniaga vizuri, "Asante, mama," akaondoka na chaji haijajaa.

Nilimweleza shemeji. Alisema pengine mteja mmoja amempa mdogo wake ufunguo wa kuingia. Alisema atauliza. Kama aliuliza, hakuniambia.

Kisha akaja yule mwanamke. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mjane kutoka upande wa Kivu, mmoja wa watu wetu wa kwanza kabisa. Alisafiri na motari yule yule kila mara, na mtu aliyemchagua apate ujumbe alikuwa binti yake. Aliingia katika biro ya vioo akiwa na nguo zile zile za safari, tope limekauka mpaka kiunoni, akakataa kiti.

"Bale batu balikuwa banatungojea kule kwenye kijito," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambako wale watu ni bale batu. "Bamekaa tu, bamewasha moto, banachoma muhogo. Mukubwa wao akanisalimia. Unajua aliniambia nini? 'Mama, mumechelewa. Tulifikiri pine imepasuka.'"

Alikung'uta tope kwenye nguo yake.

"Na pine, tairi ya mbele, ilipasuka kweli. Ilipasuka mbali sana nyuma, musituni, juu ya kilima. Hakuna mutu alituona pale. Tulikuwa siye wawili tu."

Dhahabu waliichukua. Motari alijaribu kugeuza pikipiki, wakamvunja mkono kwa rungu. Alikuwa amelazwa Wamaza. Yule mama alisema haya yote bila kulia. Halafu akageuka upande wa shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ile siku afisa alikuja kuuliza habari zangu, wewe ulikataa. Njo sababu nilikuamini na njia yangu."

Alipotoka, shemeji alikaa chini. Alisema inaweza kuwa bahati mbaya. Alilisema mara nyingine tena, kwa sauti ndogo. Nilimwambia azime ramani. Akajibu kwamba lazima kwanza amwulize mgeni, na hapo nilijua kazi si yetu tena.

Sikungoja. Nilikwenda kwenye kituo cha motari, pale penye miti karibu na soko, wakati wamerudi kutoka sala ya adhuhuri na wengine wanakula. Nilipanda juu ya gunia la mchele ili wanione. Niliwaambia yaliyotokea kwenye kijito, nikawaambia ramani ni yetu na tuliiuza sisi. Mtu mmoja alinitukana. Hakuna aliyemkataza. Kisha mzee wao akatoa telefone yake, akaniomba nimwonyeshe namna ya kuiondoa programu. Wengine wakamzunguka kutazama.

Niliporudi biro, shemeji alikuwa mbele ya kompyuta. Vitone vilikuwa vinatoweka kimoja kimoja, Kasongo kwanza, kisha habari ilipofika, Wamaza, kisha Kabambare.

"Yaya, umeua kazi yetu," alisema.

"Sasa futa safari za zamani. Zote."

 Akavuta kiti karibu, akaanza kuandika. Aliandika neno lake la siri, mashine ikakataa. Aliandika tena. Akampigia mgeni, na mgeni akapokea mara moja, kwa sauti yake ile ya chini, kama mtu aliyekuwa ameketi anangojea. Alituambia tusihangaike. Safari zilikuwa zimehamishwa mjini tangu zamani, mahali salama. Nani alipita wapi, saa gani, akipumzika kwa nani: vyote viko. Akaagiza nimsalimie mume wangu, akakata.

Shemeji alifuta alichoweza kwenye kompyuta yake, karibu hakuna kitu. Alivua fulana ya buluu akaikunja vizuri. Hakuomba msamaha kwa maneno, lakini alikwenda Wamaza kumtazama motari aliyevunjwa mkono, akakaa naye mpaka aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Biro ya vioo tuliirudisha kwa mwenyewe. Sasa tuko tena kwenye meza ya nyaya. Mtu akitaka kujua kama ndugu yake amefika, tunampigia motari simu, tunauliza, tunajibu, na hatuandiki mahali popote.

Watu wanakuja, si wengi. Yule mama wa dhahabu hakurudi.

Juma lililopita motari nisiyemjua alileta telefone mpya kabisa. Alisema kuna watu Nyangwe wanazigawa bure, kwa motari na kwa wenye mitumbwi pia, hawaombi chochote. Niliigeuza mkononi. Ilikuwa haijachomekwa, na ilikuwa na joto, kama zile za motari wetu zilipokuwa zinatuma safari.

"Wanasema usiizime tu," aliniambia.

Shemeji ameanza kupita vituo vyote kuwaonya. Wengine wanamsikiliza. Wengine, akifika, wamekwisha kuondoka na abiria.