simama(mashine) au mashine.simama()? Ndugu yangu alilipa kwa mkono

Wakuu, habari zenu. Leo sina mzaha, na sitaongeza chumvi.

Kuna vijana hapa wanatukanana juu ya method na function, eti ni style tu. Nimesoma nikakasirika. Code nilijifunza nikiwa mtu mzima, lakini hiyo tofauti niliiona miaka ya sabini, kwa kiwanda cha sukari huko kwa mashamba ya miwa, nje ya Kisumu. Jina la kiwanda naliacha.

Kila mashine ilikuwa na mtu wake. Ukitaka isimame, unaita jina lake kwanza: "Krasha, simama!" Krasha, mashine ya kuponda miwa, ndiyo mimi. Hata kwa canteen waliniita hivyo. Naitika, naizima vile krasha inazimwa.

"Sentri, simama!" Sentri ni ngoma ya chuma inayozunguka kutoa molasi kwa sukari. Mtu wake alikata stima, akakanyaga breki, akangoja itulie kabisa, ndio ainue mkono.

Hiyo ndiyo method. Neno ni moja, lakini kila mashine ina vile inalitii.

Akaja supervisor mpya. Akasema kelele zote za nini. Akaweka switchboard moja na sheria moja kwa mashine zote: kata stima, washa taa ya kijani, watu waingie wasafishe. Sisi tukatawanywa, leo hapa, kesho pale.

Hiyo sasa ni function. Unaipa mashine yoyote, inaifanyia kitu kile kile.

Kwa krasha ilifanya kazi, maana miwa huibana ikasimama papo hapo. Konveya pia, ule mkanda wa kubeba miwa. Hata mimi niliona jamaa ana akili.

Ndugu yangu Ouma alikuwa mtu wa konveya. Siku moja akapewa Sentri asafishe. Stima ikakatwa, taa ikawaka. Lakini Sentri bila breki huendelea kuzunguka, na mle ndani ni mvuke mtupu, huoni kitu.

Akaingiza mkono.

Hospitalini Kisumu alirudia tu, "Lakini taa ilikuwa imewaka." Uchungu ule sijui niuandike aje.

Mama akafika kutoka Asembo. Akamuuliza supervisor kwa upole, "Baba, hiyo mashine ilikuwa ya nani?"

Akajibu ilikuwa ya kila mtu.

Mama akamwangalia, kisha akarudi kitandani kwa Ouma kushika ule mkono uliobaki.

Sisemi function ni mbaya. Kugeuza Fahrenheit kuwa Celsius hakuna mwenyewe, hiyo iache huru. Lakini kazi inayobadilika kwa kila kitu, iweke ndani ya hicho kitu, na ukiite kwa jina.

Nikikosea nisahihisheni, sitakasirika tena. Ila nyinyi mnaoandika code za lifti na mashine za hospitali, nijibuni hapa chini: mkiita simama, nani anaitika?